Bibi na Kibanja Chake: Maisha ya Mama Mmoja wa Usharika na Nyakati Alizopitia

Mwaka aliozaliwa Bibi haukuandikwa mahali popote. Mama yake alimwambia tu kwamba alizaliwa siku chache baada ya mizinga ya Bukoba, na kutokana na kauli hiyo wajukuu wake waliosoma waliweza baadaye kuutafuta mwaka wenyewe. Majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu na kuushambulia mji wa Bukoba tarehe 22 na 23 Juni 1915. Waliubomoa mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani, wakaupora mji, kisha wakarudi walikotoka. Vita vile havikuwa vya Wahaya. Hata hivyo, watoto wengi wa mwaka ule walihesabiwa umri wao kwa mlio wa mizinga hiyo, na Bibi alikuwa mmoja wao.

Usharikani aliitwa Bibi na kila mtu, hata na wachungaji, na jina hilo ndilo linalotumika hapa. Hakuwahi kuwa mzee wa kanisa. Hakuwahi kusimama mimbarani. Historia ya usharika husimuliwa kwa kawaida kwa majina ya wachungaji na miaka ya majengo, na mambo hayo ni haki yake kuandikwa. Lakini sehemu kubwa ya miaka hii mia moja ilipita jikoni na shambani, katika vibanja vya akina mama ambao daftari la usharika linawataja mara tatu tu: walipobatizwa, walipofunga ndoa na walipozikwa.

Baba yake alikuwa mmoja wa wale walioitwa wasomaji. Itakumbukwa kwamba Injili haikuanza Buhaya na mmisionari wa Kiprotestanti. Wamisionari wa Kikatoliki, Mapadre Weupe, walikwisha kufika Kashozi mwaka 1892. Kwa upande wa Kiprotestanti, kabla Ernst Johanssen na wenzake wa Misioni ya Bethel hawajafika Bukoba mwaka 1910, walikuwapo Wahaya waliokwenda Uganda, wakajifunza kusoma huko, wakarudi na vitabu vya Kiganda vilivyofungwa ndani ya nguo. Walikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakasoma na kuomba, bila mchungaji na bila ruhusa ya mtu. Kwa sababu hiyo, Vita Kuu ya kwanza ilipowaondoa Wajerumani, watu wa namna ya baba yake Bibi hawakuona kwamba kanisa limeondoka nao. Walikuwa wamekwisha kuzoea kuwa kanisa peke yao. Katika miaka ya 1920 Wamethodisti wa Wesley walitumwa kuitunza kazi hiyo kwa muda, kisha watu wa Bethel wakarejea. Mabadiliko hayo yalizungumzwa sana na wakubwa. Nyumbani kwao Bibi kitabu kiliendelea kuwa kile kile cha Kiganda, chenye jalada lililokaangwa na moshi wa jikoni.

Bibi alijifunza kusoma kwa kukaa upande wa pili wa kitabu hicho, akimtazama baba akiwafundisha kaka zake. Inasemekana kwamba kwa muda mrefu aliweza kusoma maandishi yaliyopinduliwa juu chini kuliko yaliyokaa sawa. Wajukuu walipenda kumjaribu kwa gazeti, naye hakuwaangusha. Alibatizwa akiwa msichana mkubwa, akapata kipaimara, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaolewa na mwalimu wa mtaa aliyekuwa na baiskeli, kalamu moja na kibanja chenye migomba ya baba yake.

Kwa wageni ambao hawakukulia Buhaya, yafaa kueleza kidogo neno hilo. Kibanja ni zaidi ya shamba. Ni nyumba, migomba inayoizunguka nyumba, mibuni chini ya migomba, maharage kati ya mashina, na makaburi ya waliotangulia. Rutuba yake hutengenezwa kwa vizazi, kwa samadi na kwa nyasi zinazobebwa kichwani kutoka mbugani na kutandazwa ardhini. Kazi hiyo ya kubeba nyasi, na ya kulima njugu mawe kule mbugani, ilikuwa ya wanawake. Lakini kibanja chenyewe ni cha ukoo, na ukoo huhesabiwa kwa wanaume. Mwanamke huingia ndani yake kwa ndoa na hukaa humo kwa jina la mwanawe wa kiume. Katika vibanja vingine lilikuwapo jambo jingine juu ya hilo: utaratibu wa nyarubanja, ambao ulimfanya mkulima kuwa mpangaji wa bwana mkubwa na kumlipa kodi. Kibanja cha mume wa Bibi kilikuwa cha namna hiyo.

Katika miaka hiyo serikali ya Kiingereza ilihimiza upandaji wa kahawa. Kahawa haikuwa ngeni kwa Wahaya. Walikuwa wakichemsha matunda yake, wakayakausha na kuyatafuna, na mgeni alikaribishwa kwa kahawa kabla ya neno lolote. Watu wawili waliofanya udugu wa damu walitafuna punje mbili zilizotoka katika tunda moja. Sasa kahawa ikawa fedha. Mwaka 1950 ulipoundwa Umoja wa Vyama vya Ushirika wa Bukoba, bei nzuri za miaka ile zilijenga nyumba nyingi za mabati na kusomesha vijana wengi. Jengo la kanisa la usharika huu nalo lilipata mabati yake kwa sadaka ya kahawa. Ni haki kuongeza kwamba magunia yaliyoandikwa majina ya wanaume yalichumwa na kuanikwa na wake zao, na kwamba jina la mwanamke lilikuwa nadra kuonekana katika daftari za chama.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, ulifika Buhaya kwa njia ya Uganda. Watu walisimama mbele ya wenzao wakataja dhambi zao kwa majina, wakarudisha majembe na mbuzi walioiba. Wengine waliwaona waliookoka kuwa ni watu wa kelele na majivuno, na zipo familia ambazo ugomvi huo haujapoa hata leo. Bibi aliingia katika uamsho huo pamoja na mumewe. Badiliko lililokumbukwa zaidi nyumbani kwake lilikuwa dogo. Mila iliwaagiza wanawake kuokota senene usiku, kuwatoa mabawa na kuwakaanga, lakini iliwakataza kuwala. Jioni moja ya msimu wa senene mwalimu aliweka bakuli katikati, akamwambia mkewe ale. Mama mkwe alitoka nje. Bibi alikula, na kwa miaka mingi aliwasimulia wajukuu kwamba mkono ulimtetemeka kuliko siku ya kipaimara.

Vita vya pili vilipoanza, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini. Waswidi walikuja kusaidia, miongoni mwao Bengt Sundkler, aliyefika mwaka 1942 na ambaye mwaka 1961 alikuwa askofu wa kwanza wa Kanisa la Buhaya. Lakini katika mitaa ya mbali mchungaji alionekana mara chache kwa mwaka. Mwalimu wa mtaa ndiye aliyefundisha, aliyeongoza ibada na aliyezika. Mshahara wake ulikuwa mdogo na mara nyingine haukufika. Chakula cha nyumba ile, pamoja na cha watoto wa shule waliolala pale kwa sababu kwao ni mbali, kilitoka katika kibanja na katika kilimo cha Bibi cha njugu mawe. Kwa hiyo si kutia chumvi kusema kwamba kazi ya mtaa ule kwa miaka zaidi ya kumi ilitegemea jembe lake.

Mwalimu alifariki katikati ya miaka ya 1950 kwa homa. Alimwachia mkewe watoto watano wadogo, baada ya wawili kufa wakiwa wachanga. Kabla ya matanga kuisha, ndugu wa marehemu walikaa kikao. Mrithi alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume, naye alikuwa hajafika umri wa kunyoa ndevu. Shemeji mmoja akawekwa kuwa mwangalizi, na kwa misimu kadhaa kahawa ya kibanja kile ilichumwa na Bibi na kuuzwa na shemeji. Bibi hakwenda barazani. Alipanua shamba lake la njugu mawe kule mbugani, mahali ambapo mila haikumzuia, na kwa njugu hizo akalipa karo ya watoto wake, wa kike na wa kiume. Majirani walimshangaa kwa hao wa kike. Mwanzoni mwa mwaka 1962, ulipozuka ule ugonjwa wa kucheka katika shule ya wasichana ya Kashasha na wasichana 95 kati ya 159 wakashikwa nao hata shule ikafungwa, wazazi wengi waliosoma kwa wasiwasi ishara za nyakati walisema kwamba vitabu vimewazidi nguvu watoto wa kike. Binti wa Bibi alikuwa akisoma shule nyingine. Mama yake hakumtoa.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Watemi wakaondolewa katika utawala mwaka 1963, na mwaka huo huo, tarehe 19 Juni, makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mwaka 1964 Josiah Kibira aliwekwa wakfu kuwa askofu, na mwaka 1977 mkutano wa Dar es Salaam ulimchagua kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu. Usharika huu ulifurahi sana, na Bibi alipeleka mkungu wa ndizi kwenye mnada wa sadaka wa siku ile. Katika kibanja chake, hata hivyo, tukio kubwa lilikuwa sheria ya mwaka 1965 iliyovunja nyarubanja na kuwapa wapangaji ardhi waliyoilima. Kodi ya bwana mkubwa ikaisha. Sheria ile iliwaweka huru wanaume wa nyumba ile. Kwa upande wa wanawake, tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 lilikuwa limekwisha kuandika kwamba mwanamke aweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini hana mamlaka ya kuiuza. Bibi hakuujua waraka huo, lakini yaliyomo ndani yake alikuwa akiyaishi tangu alipofiwa.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa. Watu walishuka kusini kwa miguu, wakiwa na magodoro na kuku, wengine bila watoto wao. Kanisa la usharika huu liligeuka kuwa bweni. Kibanja cha Bibi kililaza familia tatu kutoka ng'ambo ya mto, na migomba ilikatwa kabla ya ndizi kukomaa. Baada ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979, wageni wale walirudi kwao na kukuta nyumba bila milango. Taifa likaingia katika miaka ya kufunga mkanda. Sabuni, chumvi na mafuta ya taa vilipotea madukani, na vijana wengi wa Kagera waliingia katika biashara ya magendo kuvuka mpaka, maana kahawa ililipwa vizuri zaidi upande wa pili. Mtoto wa kwanza wa Bibi, mrithi wa kibanja, alikuwa mmoja wa vijana hao. Alirudi na redio, saa na mashati ya kitambaa kilichoitwa Juliana.

Jina la kitambaa kile ndilo watu walilolipa kwanza ugonjwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa nchini walionekana mkoani Kagera mwaka 1983. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba mjini Bukoba asilimia 24.2 ya watu wazima wenye umri wa miaka 15 hadi 54 walikuwa na virusi, yaani karibu mmoja kati ya wanne. Kufikia mwaka 1996 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 13.3, na wataalamu wamekiandika sana kama mfano wa watu kubadili mwenendo. Takwimu hizo ni za kweli. Lakini katikati ya namba ya kwanza na ya pili yamo mazishi, na mwandishi wa historia ya usharika huu hana budi kuyahesabu. Bibi alimzika mwanawe wa kwanza mwaka 1986. Mkwewe alifuata baada ya mwaka mmoja na nusu. Kisha binti aliyesoma, ambaye alikuwa muuguzi. Kisha wana wawili wengine, wa mwisho mwaka 1994. Alibaki na binti mmoja, aliyeolewa Mwanza, na wajukuu kumi na mmoja chini ya paa lile, Bibi akikaribia miaka themanini.

Kanisa lilifanya nini? Wapo waliohubiri kwamba ni adhabu. Hilo lilisemwa mimbarani katika sehemu nyingi za nchi, na halikosi kusemwa hapa. Wapo pia waliobeba maji. Dayosisi ilianzisha huduma ya watoto, HUYAWA, iliyolipa karo na kununua sare za yatima, na wanne kati ya wajukuu wa Bibi walisoma kwa msaada huo. Kikundi cha akina mama cha mtaa kilijipangia zamu ya kulima kibanja chake kila Alhamisi. Zamu hiyo haikuandikwa katika kumbukumbu za kikao chochote. Inajulikana kwa sababu waliolima bado wapo.

Mwaka 1993, kabla ya mtoto wa mwisho kufa, suala la kibanja lilirudi. Mrithi alikuwa amekufa na kuacha binti mmoja tu. Ukoo ulitaka kibanja kiende kwa mtoto wa yule shemeji wa zamani. Bibi alikataa, akasema kwamba kitakwenda kwa mjukuu wake. Safari hii alikwenda barazani. Mwalimu wa shule ya msingi alikuwa amemsomea habari ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Mwanza ya Februari 1990. Katika hukumu hiyo Jaji Mwalusanya aliamua kesi iliyotoka huku huku Buhaya: mwanamke aliyerithi shamba kwa baba yake alikuwa ameliuza, na mtu wa ukoo akapinga. Jaji alisema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mauzo yale ni halali. Bibi hakutaka kuuza. Lakini alishika kwamba kama serikali imesema binti aweza hata kuuza, basi hakika aweza kukaa.

Wazee wa kanisa waliombwa kusuluhisha, na hapa ndipo usharika ulipopata mtihani wake. Baraza liligawanyika. Baadhi walisema kanisa halina neno katika ardhi ya ukoo. Mmoja wao alikuwa mtu wa ukoo ule na hakutoka kikaoni. Wengine, hasa waliolelewa katika shule ya mtaa ya marehemu mwalimu na waliokula chakula cha Bibi, walisimama upande wake. Vikao vitatu vilikaa. Kumbukumbu za baraza zina sentensi moja tu: kwamba shauri la kibanja lilizungumzwa na wahusika wamepatanishwa. Upatanisho wenyewe ulikuwa hivi: sehemu ya juu, yenye mibuni mizuri iliyopandwa na mwalimu, ilikwenda kwa mtoto wa shemeji. Sehemu ya chini, yenye nyumba na makaburi, ilibaki kwa mjukuu, na karatasi ikaandikwa na kutiwa saini. Bibi alitia saini kwa herufi kubwa, za mtu aliyejifunza kuandika peke yake. Sheria za ardhi za mwaka 1999, zilizotamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika kupata na kumiliki ardhi, zilikuja miaka sita baadaye. Si wote waliokuwa katika kikao kile waliona kwamba waligawa kwa haki, na mmoja wao, kabla ya kufa, alikwenda kumwambia Bibi hivyo. Walikunywa chai. Mibuni haikurudi.

Miaka yake ya mwisho alikaa zaidi barazani kwa nyumba, akipukuchua maharage. Aliuliza habari za kila meli iliyoondoka Bukoba tangu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya abiria, miongoni mwao vijana wawili wa kwaya ya usharika. KKKT ilipofungua mlango wa wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji mwaka 1990, wengi walidhani kizazi chake kingepinga. Siku mchungaji wa kwanza mwanamke alipohudumu Chakula cha Bwana katika usharika huu, Bibi aliletwa kwa baiskeli, akiwa amekaa kwenye kiti cha nyuma na kushikiliwa pande zote mbili na wajukuu.

Mwishoni mwa mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kurefusha maisha bila malipo. Mjukuu mmoja alizileta nyumbani katika mfuko wa karatasi. Bibi aliomba azishike mkononi. Alizitazama kwa muda mrefu, akauliza kama ni hizi tu, na kama zilikuwapo mahali fulani duniani mwaka 1994. Alijibiwa ukweli, kwamba zilikuwa bado hazijakamilika wakati ule. Alizirudisha mfukoni.

Alilala katika Bwana mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka tisini hivi, na kuzikwa katika kibanja cha chini, upande wa kulia wa mwalimu, karibu na watoto wake wanne. Mjukuu aliyetiliwa saini ile bado anaishi hapo na ni mtunza hazina wa mtaa. Katika daftari la vifo la usharika, safu ya mwaka wa kuzaliwa imeachwa wazi. Safu ya kazi imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa katibu: mkulima.